Ukipotea, Fuata Maji

Ndugu yangu Mwaringa hana la ajabu. Nalisema mapema asije mtu akatarajia habari za shujaa. Ni mrefu, meno yake ya mbele yamepishana, anapenda kambare wa kukaanga kupita kiasi, na akicheka anafunika mdomo kama bibi harusi. Kitu kimoja tu Mungu alimpa zaidi yetu, nacho ni macho. Sisi wengine tukitazama msitu tunaona miti. Yeye anaona mkia.

Mimi ni Mbodze, dada yake. Nakaanga samaki Garsen, karibu na soko, na shamba letu liko ukingoni mwa mto upande wa Ngao. Wanaonijua wanasema nina mdomo. Ninao, sikatai, na bila mdomo huo haya ninayoyasimulia yangeishia pabaya. Lakini mdomo huo huo ndio ulioyaanzisha, na hilo watu hawalijui.

Wazazi wetu walitoka upande wa Malindi wakaja huku delta ya Mto Tana kutafuta udongo mzuri. Mama alifariki Mwaringa akiwa na miaka minne na mimi kumi na miwili. Baba alikuwa mtu wa kushinda shambani, basi mtoto akawa wangu. Nilimwosha, nilimpa uji, nilimchapa alipostahili na mara nyingine kabla hajastahili. Alipofika umri wa kuchunga mbuzi nilimshika masikio yote mawili, maana bila kushikwa masikio alikuwa hasikii, nikamwambia: "Ukipotea usilie, na usikimbie ovyo. Tafuta maji. Ukiyapata, yafuate yanakokwenda, yakipinda pinda nayo. Kijito kitakupeleka kwenye mkondo, mkondo utakupeleka mtoni, na mtoni kuna watu."

Mtu wa kwetu yeyote angemwambia hivyo. Huku nchi imelala sawa kama sinia. Hakuna kilima cha kupanda uangalie mbali, na vichaka vyote ni ndugu wa tumbo moja. Kinachojua njia ni maji. Na kweli, haikupita wiki akapotea nyuma ya mbuzi, akakuta mkondo, akaufuata, akatokea kwenye migomba ya Wapokomo karibu na Ngao. Nilimkuta ameshiba ndizi hadi kitovu kimetokeza. Nilijisifu mwaka mzima.

Halafu ikaja mvua ya Elnino, Mwaringa ana miaka saba. Ukingo wa mto ulivunjika mchana kweupe. Tulisikia kwanza mngurumo, mzito, unatoka chini ya miguu, na mbuzi wote wakanyamaza. Mwaringa alikuwa amebeba kuku. Nikapiga kelele, "Tupa! Panda!" Akamtupa kuku, tukaukwea mkuyu, tukakaa huko juu siku mbili na nusu. Usingizi ulipomzidi nilivua leso yangu nikamfunga nayo kwenye tawi asidondoke. Chini yetu yalipita masufuria, milango ya watu, na punda mzima. Baba alikuwa shamba la mbali siku ile, na hatukumwona tena.

Basi tukabaki wawili. Nikaolewa, nikamchukua kwangu, akakua. Alipokuwa mtu mzima macho yake yakampatia kazi. Katika ile misitu iliyobaki kando ya mto wako mbega wekundu ambao nasikia hawapatikani kwingine, na wenye kuwalinda walimwajiri awahesabu. Akamwoa Christine, mwanamke mpole mpaka ananikera, wakamzaa Stacy. Mwaka jana akaja mtaalamu wa wanyama kutoka bara, anaitwa Pauline. Akatazama mti mmoja kwa darubini akaona mbega tisa. Mwaringa, kwa macho matupu, akaona kumi na saba, akamwonyesha mmoja mmoja. Pauline akamwomba waende naye Mlima Kenya, ndani ya hifadhi, wakahesabu mbega wa kule kwa miezi sita.

Christine hakutaka. "Wifi, yule hajawahi hata kupanda ghorofa," aliniambia. Nikamjibu aache woga, mume hapelekwi vitani. Siku ya kuondoka nikamtilia Mwaringa leso yangu moja nzito kwenye mkoba, kwa ajili ya baridi. Alinicheka, lakini aliichukua.

Kila Jumapili alikuwa akinitumia sauti kwenye simu, nasi tunasikiliza nikikaanga. "Dada, huku nchi imesimama wima! Ukiangusha chungwa huku, hulioni tena." Akasema kuna mianzi minene kama paja, na tembo wanapita humo bila kutikisa hata jani, unasikia tu tumbo likinguruma karibu yako. Mbega wa huko si wekundu, ni weusi, wana manyoya marefu meupe kama wamejitanda joho, na wakiruka joho linapepea. Juu zaidi ya miti kuna mimea mirefu kama watu wamesimama kimya, jioni inafunga majani na asubuhi inayafungua. Pimbi wa huko wanene, hawaogopi mtu, wanakuja kutazama unachopika. Asubuhi moja alikuta majani yote yana chumvi, akailamba, kumbe ni barafu. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo, akasema, leso yangu haimtoki shingoni.

Na mara moja akasema, "Leo nimetema mate kwenye kijito. Pauline anasema maji haya yanaingia Tana. Wiki ijayo yatafika Garsen, msiyanywe." Nikamtumia matusi ya dakika nzima. Wateja wangu wakaomba niwarudishie ile sauti wasikie tena.

Jumatano ya mwisho ya mwezi wa tatu, asubuhi, nimetia samaki wa kwanza kwenye mafuta, simu ikaita. Ni Pauline. Hajawahi kunipigia.

"Dada Mbodze, uko mahali unaweza kukaa?"

"Mimi nakaanga. Sema."

Akasema jana, karibu saa sita mchana, walikuwa wanafuata kundi la mbega pembeni mwa mianzi. Mwaringa alikuwa nyuma yao hatua chache. Ukungu ukashuka. Walipogeuka hayupo. Wamempigia filimbi, wameita, wametafuta hadi giza, na asubuhi hii wameongezwa watu kumi na wawili. Simu yake haipatikani.

Nitasema ukweli wangu. Wakati ule sikuogopa. Nilikasirika tu, nikaona wanamfanya ndugu yangu mtoto. "Mwaringa hapotei," nikamwambia. "Huyo nimemlea mimi. Atatafuta maji ayafuate mpaka atokee kwenye watu. Labda sasa hivi anakunywa chai kwa mtu."

Nilimsikia Pauline anasogea pembeni, mbali na wenzake.

"Dada," akasema polepole, "huku maji hayaendi kwa watu. Yanaingia kwenye makorongo. Yanaanguka. Kuna mahali yanaanguka urefu wa minazi mitatu. Sisi huwa tunaambia kila mtu, ukipotea usishuke na maji."

"Na yeye mlimwambia?"

"Tulimwambia siku ya kwanza."

Siku ya kwanza. Mimi nilimwambia akiwa na miaka sita, nimemshika masikio. Samaki waliungua wote, sikuwaona. Christine alikuwa anaosha sahani nyuma yangu, akaniuliza, "Wifi, kuna nini?" Nikamwambia mumeo amechelewa kurudi kambini. Ndivyo nilivyosema, Mungu anisamehe. Baada ya saa moja nilishindwa, nikamwambia yote, isipokuwa lile la masikio.

Mchana nikampigia Pauline. Akanieleza kwamba watafutaji wako juu kwenye migongo ya mlima, kwa sababu mtu akipotea huko hupanda kutafuta netiweki, ndivyo walivyozoea, na wengi wameokolewa hivyo.

"Hao ni watu wa bara," nikasema. "Huyu ni mtu wa delta. Hawezi kupanda. Nenda kwenye maji."

"Mito ya upande huo ni kumi na moja, dada. Na kushuka korongo moja ni siku nzima. Mkuu wa watafutaji hawezi kuwatoa watu mahali penye matumaini awapeleke mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili zake anaweza kwenda."

"Wee! Kwa hiyo ndugu yangu hana akili?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Nimekusikia kwa masikio yangu haya." Nikamkatia simu. Halafu nikakaa juu ya ndoo ya samaki nikalia, maana niliyekuwa namtukana si Pauline.

Alhamisi asubuhi nilikwenda mtoni kuvuka. Anayetuvusha kwa mtumbwi ni Jilo, Mpokomo, mtani wangu wa miaka yote. Siku nyingine huanza yeye: Mgiriama gani huyu mzito hivi, mtumbwi utazama. Siku ile aliniona uso akaacha utani, akanipa mkono nipande. Mto ulikuwa umejaa kidogo, mwekundu kwa udongo. Nilitia mkono majini. Nikamwuliza Jilo maji haya yametoka mlimani lini.

"Siku saba, nane," akasema. "Kule juu wakiyafungulia mabwawani."

Nikahesabu. Siku nane nyuma Mwaringa alikuwa bado kambini, anakula, anacheka na mkono mdomoni. Maji haya yalimpita akiwa mzima. Ya leo, yale yanayompita sasa, sitayaona mpaka wiki ijayo, na sikujua yatakuja na nini. Niliutoa mkono haraka. "Jilo," nikasema, "naogopa." Miaka yote ile hajapata kunisikia nikilisema neno hilo. Akaweka kasia chini, tukachukuliwa na mkondo kidogo, kisha akalishika tena akapiga makasia mpaka ng'ambo, na hakutaka nauli.

Niliporudi Garsen nilimpigia Pauline nikamwomba radhi. Nikasema, sitapiga kelele, nijibu moja tu. Pale mlipomkosa, maji ya karibu kabisa ni yapi, hata kama ni ya kuruka kwa mguu mmoja?

Akafikiri. Kuna kijito kidogo ndani ya mianzi, hakina hata jina.

"Hicho kinaingia wapi?"

"Kinaingia kingine kikubwa."

"Na hicho?"

"Kingine." Nikasikia karatasi zinafunguliwa. "Halafu korongo."

"Basi si mito kumi na moja, ni mmoja. Ameanza na kile kidogo. Kila kilipokutana na kikubwa alifurahi, akasema nakaribia nyumbani. Pauline, mimi ndiye niliyemfundisha. Nakuomba. Hata kama unaniona mshamba, nakuomba."

Kulikuwa na ukungu mzito huko, akasema, siku hiyo haiwezekani. Lakini kesho alfajiri atakwenda mwenyewe na watu wanne. Kumwambia mgeni lile la kumfundisha ilikuwa rahisi. Christine alikuwa nyuma ya kibanda, anakata vitunguu, na kwake sikuweza.

Sikumbuki vizuri siku ile ilivyokwisha. Najua niliuza samaki wabichi kwa mtu aliyetaka wa kukaanga. Najua Stacy aliniuliza baba yake anarudi lini, nikamwambia mwezi wa tano, akahesabu vidole. Najua nilimchukia kila mtu aliyeniambia pole.

Ijumaa, kama saa nne asubuhi, simu ikaita. Nilikuwa nimeishika mkononi tangu alfajiri, hata hivyo niliruka.

Pauline alikuwa anahema. Nyuma yake kulikuwa na kelele nyingi na sauti yake inakuja na kupotea, netiweki ya kubahatisha. "Dada, ulikuwa sawa. Alipita huku. Tumeona nyayo kwenye matope, zimefuata maji mwendo wote."

"Yuko wapi?"

"Tumepata mkoba wake."

"Sikuulizi mkoba."

"Mkoba uko hapa ukingoni, dada. Juu kabisa ya maporomoko. Nyayo zimefika hapa hapa, kisha ni jabali tupu, hakuna alama tena. Watu wawili wanashuka kwa kamba kuangalia chini, kwenye bwawa. Pole sana."

Simu ilikuwa kwa sauti kubwa. Christine alisikia. Hakupiga kelele, alikaa tu chini pale pale kwenye maganda ya vitunguu, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Wanawake wa sokoni wakaanza kuja. Mmoja akatandika mkeka. Mwingine akavua leso ya kichwani akaifunga kiunoni, na kila mtu anajua maana yake. Sauti ya kwanza ya kilio ikatoka.

"Nani amewaita?" nikapiga kelele. "Nani amekufa hapa? Kunja mkeka wako! Wewe, funga kichwa chako! Msinililie mtu wangu bado!" Wakanitazama kwa huruma, nayo ndiyo iliyonichoma zaidi.

Pauline alikuwa bado kwenye simu. Nikaiweka sikioni nimwambie sijui nini, hata sasa sijui. Na hapo ndipo nilipoisikia vizuri ile kelele iliyokuwa nyuma yake. Nzito, haikatiki, inatoka chini. Miguu yangu, nawaambieni, miguu yangu ilitaka kukimbia. Nilijikuta natazama paa la mabati la duka la jirani, nikipima nitaupandia wapi ukuta.

"Pauline. Hiyo sauti ni nini?"

"Ni maporomoko. Yako hapa chini yetu."

"Mtu anayekuja na maji kutoka juu, ndani ya ukungu, anayaona?"

"Haoni. Anasikia tu."

"Mkoba umekaaje? Umewekwa, au umetupwa?"

"Umetupwa. Uko mbali na maji kidogo, kifudifudi. Daftari zimetawanyika. Kwa nini?"

Nikaanza kulia na kusema kwa pamoja, wanawake wote wananisikiliza. "Hakuanguka! Pauline, nisikilize. Yule hajui maporomoko. Maisha yake yote sauti hiyo ameisikia siku moja tu, na siku hiyo ilikuwa mafuriko. Ameisikia kwenye ukungu akadhani ukingo umevunjika. Ametupa mkoba amekimbia. Toka hapo majini! Amepanda! Tafuta mti, mti mkubwa, ulio juu kuliko yote hapo karibu, na mtazame juu, msitazame chini!"

"Dada, tumeita sana hapa. Angekuwa karibu angejibu."

"Na hiyo kelele? Wewe mwenyewe nakusikia kwa shida, na una simu mdomoni."

Nilimsikia anapiga filimbi, anaita watu kwa majina, kisha simu ikafa.

Tulingoja saa nzima na robo. Mkeka ulibaki pale, nusu umekunjwa. Hakuna aliyekaa juu yake na hakuna aliyeuondoa. Christine aliushika upindo wa gauni langu, hakuuachia. Mimi, ambaye kanisani huwa nasinzia, nilimwambia Mungu kila ahadi niliyoweza kuifikiria, na nyingine sitaweza kuzitimiza, yeye anajua.

Simu ilipoita niliiogopa. Christine ndiye aliyeibonyeza.

"Tumempata!" Pauline alikuwa analia waziwazi. "Yuko hai! Yuko juu ya mti, mti mkubwa umejaa ndevu za kijani, juu ya ukingo. Kifundo cha mguu kimevunjika, sauti imemkauka kabisa, amepigwa na baridi vibaya, lakini yuko hai. Amejifunga kwenye tawi na leso, dada. Tumeshindwa kufungua fundo, itabidi tuikate."

"Ikateni," nikasema. "Ikateni, nitanunua nyingine." Nilisema hivyo kama mara sita.

Garsen nzima ilisimulia. Nilipita sokoni watu wananipa mkono: Mbodze aliyemwokoa ndugu yake kwa simu, bila kutoka kwenye karai lake la mafuta. Jilo akatangaza kwamba mimi ni mganga na atanivusha bure mpaka Krismasi. Nilicheka nao. Lakini sifa zile hazikunikaa, kwa sababu kabla ya kumtoa juu ya mti, ni mimi niliyemtembeza kutwa nzima hadi ukingoni mwa lile shimo. Angekwenda hatua kumi mbele zaidi ndani ya ukungu, ningekuwa nimemuua kwa maneno ya miaka karibu thelathini.

Alirudi baada ya wiki tano, na fimbo. Daktari alisema mguu hautakuwa kama zamani. Amekonda, kifua bado kinakohoa. Nikamkaangia kambare wakubwa wawili, na alipomaliza wa kwanza nikamwambia nina neno. Nikamwambia yote, haraka haraka, macho yangu kwenye karai, na Christine amekaa pale pale anasikia.

Mwaringa akachomoa mwiba menoni. "Dada, unadhani sikujua? Nililijua asubuhi ya kwanza, jua lilipotoka nikaona lile shimo. Nilikutukana, haki ya Mungu. Nyati walikuwa wanapita chini yangu kwenda kunywa, nikakutukana mbele yao." Akafunika mdomo, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Halafu nikaangalia kilichonishika nisianguke ni nini. Nikanyamaza."

Christine alimsogezea mumewe ndimu, kisha akanisogezea na mimi.

Hapo ndipo Stacy alipokuja, amevaa kandambili za mama yake, fimbo ya mbuzi begani. Ametimiza miaka saba, na mwezi ule tulimwambia anaweza kuwapeleka mbuzi peke yake mpaka kwenye mkondo. Akasimama mbele yangu kama askari wa gwaride.

"Shangazi, nimekumbuka ulichonifundisha. Nikipotea nisilie. Natafuta maji, nayafuata. Sivyo?"

Mwaringa aliacha kutafuna. Christine akanitazama. Huku kwetu ni kweli, maji yatampeleka kwa watu. Lakini huyu mtoto ana macho ya baba yake, na sijui siku moja macho hayo yatampeleka nchi gani, yenye maji ya namna gani.

Nikamwita karibu. Nikamshika masikio yote mawili.

"Hapana," nikasema. "Ukipotea, kaa hapo hapo ulipo. Usiende popote. Mimi nitakuja."

"Na kama hujui niko wapi?"

"Nitakuja tu."